Chevrolet ya 1957 iliyoliwa na matairi yake

Gari lenyewe ni modeli ya plastiki ya Chevrolet Bel Air ya 1957, ya milango miwili, paa gumu lisilo na nguzo ya katikati, katika kipimo cha 1/25. Gari halisi lilikuwa na urefu wa inchi 200, kwa hiyo hili la plastiki linakaa mezani kwa sentimita 20 na ushei. Kijana mmoja wa Michigan, Marekani, aliliunganisha katikati ya miaka ya 1960, akalichezea, akaliweka kwenye rafu, na mwishowe likaingia kwenye boksi la viatu na kupandishwa darini. Lilikaa huko miongo kadhaa. Boksi la kiwandani halipo na karatasi ya maelekezo haipo. Jina la kampuni sitalitaja, na hata ningelitaja lisingebadilisha kitu, maana ugonjwa ninaotaka kuueleza umezipata seti za kuunganisha za kampuni nyingi za wakati ule.

Kijana yule sasa ni mzee, baba mkwe wa rafiki yangu. Rafiki huyo ni Mkongo wa Bukavu anayeishi Grand Rapids, Michigan. Rafiki yangu alilikuta boksi alipokuwa akimsaidia mzee kusafisha dari, akalichukua kimyakimya ili alitengeneze na kumrudishia siku yake ya kuzaliwa likiwa jipya. Alinitumia picha na ujumbe mfupi: "Kaka, hii imeyeyuka na joto la darini. Inapona?"

Nimeamua kukiandika kisa hiki kirefu kwa sababu swali hilo lina makosa mawili ndani yake, na yote mawili nayaona kila mara watu wanapofufua modeli za zamani. La kwanza ni kuhusu chanzo. La pili ni kuhusu hilo neno kupona.

Tuanze na hali ya gari lilipofika mezani kwangu. Bodi ilikuwa imepakwa rangi nyekundu ya enameli kwa brashi, nzito, yenye michirizi. Ubavuni, juu ya kila mlango, kulikuwa na namba iliyoandikwa kwa mkono kwa rangi nyeupe. Sehemu ya mbele ilikuwa imeinuliwa kwa vipande vya plastiki chakavu, na matao ya magurudumu ya nyuma yalikuwa yamekatwa kwa kisu ili yapokee matairi mapana yasiyo na kashata. Mapambo mawili ya juu ya boneti, ambayo ni kama saini ya modeli ya 1957, yalikuwa yamekatwa na matundu yake kuzibwa kwa gundi. Kwa mtu anayezijua seti za miaka ile hilo halishangazi. Tangu 1958, kampuni ya modeli ya AMT ilipoanza kuuza seti za tatu kwa moja, mvulana alifungua boksi na kukuta vipuri vya kuunganisha gari kama lilivyotoka kiwandani, au lililopambwa, au la mashindano. Huyu alichagua mashindano. Alitaka gari la robo maili, mita 402 za mstari ulionyooka, pua juu na mzigo wote ukiegemea nyuma, kama zilivyokuwa Chevrolet nyingi za umri ule kwenye njia za mashindano za Marekani.

Sasa majeraha. Tairi la nyuma la kulia lilikuwa limezama kwenye bodi. Naam, limezama: plastiki ya ubavu ilikuwa imebonyea ndani kwa umbo la tairi na kushikana nalo. Kushoto hali ilikuwa hivyohivyo, ila nafuu kidogo. Rimu za mbele zilikuwa zimelegea na kupoteza duara. Matairi ya kawaida ambayo hayakutumika yalikuwa yametupwa ndani ya boksi. Moja lilikuwa limelala juu ya paa na kuacha pete yenye mistari ya kashata, inayosomeka kabisa. Jingine lilikuwa limeegemea kioo cha nyuma na kukichimba. Nguzo ya mbele ya kushoto ilikuwa imevunjika mahali pawili. Kwenye Chevrolet za 1955 hadi 1957 nguzo ile ina mkunjo wa goti, kwa sababu kioo cha mbele kinazunguka hadi ubavuni, na katika kipimo cha 1/25 ni kijiti chembamba kinachobeba nusu ya paa.

Je, ni joto? Joto la dari lingeweza kulegeza plastiki, lakini joto halichagui mahali. Lingelegeza paa lote likapinda katikati, lingepindisha bampa, lingeachanisha bodi na fremu. Hapa paa lilikuwa limenyooka vizuri, isipokuwa ile pete. Boneti ilikaa mahali pake bila mwanya. Uharibifu ulikuwa pale tu tairi lilipogusa, na hapo ulikuwa na mpaka mkali.

Mshukiwa wa pili ni gundi, kwa sababu gundi ya tyubu ya enzi zile iliyeyusha plastiki kwa makusudi, ndiyo kazi yake. Ila gundi ikishakauka huacha alama ngumu inayong'aa, mara nyingi ikiwa na chapa ya kidole. Na alama hizo zilikuwepo: kwenye dashibodi, kwenye ukingo wa kioo cha mbele, na dole gumba zima chini ya sakafu. Zote ngumu kama plastiki nyingine. Nilipogusa ukingo wa jeraha la tairi kwa kijiti cha meno, kijiti kilinata kama kilichochovywa kwenye ulimbo. Baada ya zaidi ya nusu karne, plastiki ile ilikuwa bado mbichi.

Hapo jibu likajitokeza. Bodi ni polistairini. Matairi ni PVC. Kwa asili yake PVC ni ngumu, ndiyo hiyohiyo ya mabomba ya maji. Ili iwe laini na kunepa kama mpira, kiwanda huichanganya na kilainishi, kimiminika cha mafuta kinachokaa katikati ya molekuli zake bila kufungamana nazo. Kwa kuwa hakijafungwa, kilainishi hicho husafiri. Kikikutana na polistairini huingia ndani yake, na polistairini iliyopokea kilainishi hulegea, hunata, hata kugeuka uji. Joto la darini halikuyeyusha chochote. Lilichofanya ni kuharakisha safari hiyo kila kiangazi. Ushahidi wa mwisho ulikuwa kwenye matairi yenyewe: yalikuwa yamekakamaa na kusinyaa, kama inavyotarajiwa kwa PVC iliyokwisha kupoteza kilichokuwa kikiilainisha.

Nimesimama hapa kwa makusudi. Ukidhani ni joto, utajaza shimo kwa puti ya kawaida, utapiga rangi, utavisha matairi mengine ya PVC na kulirudisha gari kwenye rafu yenye ubaridi ukijua umemaliza. Puti yenye viyeyushi vikali juu ya plastiki iliyolowa kilainishi itavimba, kisha itasinyaa na kupasuka. Na matairi mapya yataanza karamu upya. Katika modeli ya zamani mimi huangalia kwanza nini kimegusana na nini. Rangi imekaa juu ya rangi gani, gundi iko karibu na kioo gani, tairi limeegemea wapi. Ukishaijua ramani hiyo, kazi iliyobaki ni ya mikono tu.

Kabla ya mikono likaja lile neno kupona. Rafiki yangu alitaka gari jipya: rangi yote itolewe, matao yajazwe, mapambo ya boneti yarudi, gari liwe Bel Air ya dukani yenye rangi mbili. Inawezekana. Rangi ya enameli hutoka kwa dawa ya kusafishia oveni yenye magadi makali, ambayo haidhuru polistairini, mradi uvae glavu na ujaribu kwanza sehemu iliyofichika. Mapambo yangepatikana kutoka seti nyingine. Ningeweza kutengeneza hata ile bamba ya aluminiamu yenye mistari inayojaza ubavu wa nyuma wa Bel Air, zile alama tatu za dhahabu kwenye kila bawa la mbele, na grili ya dhahabu iliyoitofautisha Bel Air na ndugu zake wa bei nafuu. Ni kazi tamu sana, nisifiche.

Lakini nilimwuliza: ukimpa mzee gari hilo, umempa nini? Seti za Chevrolet ya 1957 hutolewa tena na tena, mpya anaweza kuinunua mwenyewe. Kilichokuwa ndani ya lile boksi la viatu na ambacho hakipatikani dukani ni maamuzi ya kijana wa miaka kumi na kitu: namba aliyoichora, pua aliyoinyanyua, matao aliyoyakata. Ukitia gari kwenye dawa ya oveni, vyote hivyo vinakwenda na maji. Nikamshauri aache siri, amwulize mwenyewe. Hakupenda, maana zawadi ya kushtukiza ilikuwa imekwisha kumwingia kichwani. Alinyamaza siku kadhaa, kisha akaenda kwa mzee na boksi mkononi.

Jibu lilikuja kwa sentensi mbili. Namba ibaki na pua ibaki juu. Mengine fanyeni mnavyojua.

Kwa hiyo kazi ikabadilika. Hatukuwa tena tunatengeneza Chevrolet ya 1957, tulikuwa tunatengeneza gari la mashindano la kijana wa miaka ya 1960. Tofauti hiyo inagusa kila hatua. Bamba la aluminiamu ubavuni, kwa mfano: yeye alilipaka fedha kwa brashi, ikamwagikia kwenye nyekundu. Foili nyembamba ya kubandika ingetoa mng'ao wa kweli mara kumi zaidi, nami ninayo mezani muda wote. Hatukuigusa fedha yake.

Kuyang'oa matairi kulihitaji subira. Ukivuta, unatoka na kipande cha ubavu. Tuliliweka gari kwenye friza usiku kucha, tairi na plastiki vikakakamaa, kisha nikapitisha wembe mpya polepole kwenye mpaka wao, nikikata upande wa tairi na si upande wa bodi. Lile la kulia lilitoka vipandevipande. Lile la paani liliachia kwa mbofyo mmoja.

Hatua iliyofuata ndiyo watu huiruka. Plastiki laini yote lazima iondoke. Nilikwangua kwa patasi ndogo mpaka nikafika kwenye plastiki inayotoa unga badala ya utando, nikaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, nikapangusa kwa spiriti ya isopropili, kisha nikaliacha gari wazi kwa wiki kadhaa ili kilichobaki kipate njia ya kutoka. Kila nilipopita mezani nilijaribu kwa kijiti cha meno. Mahali palipoendelea kunata nilikwangua tena. Upande wa kulia shimo lilitoboka hadi ndani, na afadhali lilitoboka, kwa sababu ukingo wake sasa ulikuwa mzima.

Nilibandika karatasi ya plastiki ya nusu milimita kutoka ndani kama kiraka, juu yake nikajaza puti ya epoksi ya sehemu mbili. Epoksi haina kiyeyushi cha kuamsha plastiki iliyougua na haisinyai ikikauka. Inachosha kupiga msasa, hilo ni kweli. Nilianza na msasa wa 400, nikaenda 600, nikamalizia na 1000 wenye maji, huku ubavu uliobaki wenye rangi ya zamani ukiwa umefunikwa kwa utepe.

Tatizo lilikuwa tao la kulia. Tairi lilikuwa limekula ukingo wote ambao kijana aliukata. Kushoto nusu ya mkato wake ilibaki, kwa hiyo nililaza utepe wa karatasi juu yake, nikafuata mstari kwa penseli, nikaugeuza na kuuhamishia kulia. Je, niige na zile sehemu ambazo kisu chake kiliteleza? Niliamua hapana. Mstari ni wake, na tao lina upana alioutaka, lakini kuteleza kwa kisu hakuwezi kuigizwa bila kuwa uongo. Na kwa ndani nimeiacha puti ya kijivu bila rangi, ili atakayelishika gari hili baadaye ajue palipoongezwa ni wapi.

Kisha rangi, na hapa ile kanuni ya kuangalia nini kinagusa nini ilituokoa. Rangi nyingi za kopo la kupulizia zinazopendwa leo, ikiwemo aina ya TS ya kampuni ya Kijapani Tamiya, ni laka, yaani rangi yenye viyeyushi vikali. Laka juu ya enameli ya zamani inaweza kuikunja ngozi. Enameli yenyewe hukauka kwa kunyonya oksijeni, na baada ya miongo mingi huwa ngumu kiasi kwamba spiriti ya madini haiisumbui. Nilijaribu chini ya ukingo wa buti: pamba yenye spiriti ya madini ilitoka safi, pamba yenye tina ya laka ilitoka nyekundu. Basi enameli juu ya enameli, hakuna mjadala. Nyekundu mpya ilikuwa kali mno kando ya ile iliyofifia, nikaichanganya na tone la hudhurungi na tone dogo zaidi la manjano ya udongo, nikajaribu kwenye vipande vya plastiki nyeupe mpaka rafiki yangu akashindwa kuvitofautisha mbele ya dirisha mchana. Nikapaka kwa brashi. Bunduki ya kupulizia ingetoa uso laini sana katikati ya michirizi ya mzee.

Paa lilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Pete ya kashata haikuwa na kina kirefu. Nguzo ya mbele nilitoboa kwa keekee ya nusu milimita, nikatia waya wa shaba kama mfupa ndani ya vipande vyote vitatu, nikaunga kwa epoksi. Gundi kali ya kukauka haraka nilijiepusha nayo, kwa sababu mvuke wake huweka ukungu mweupe kwenye vioo vilivyo jirani, na kioo cha mbele hatukutaka kukipoteza: kina manjano kidogo, lakini ni kile cha mwanzo. Kioo cha nyuma kilikuwa kimechimbwa kupita kiasi, hakisuguliki. Tulikipata Toledo, Ohio, kwenye maonyesho ya modeli za magari ya NNL, ambako pembeni ya meza za modeli huwa kuna wauzaji wa vibovu vya kukatwa vipuri. Kilikaa kwa gundi nyeupe ya mbao, isiyodhuru plastiki angavu na inayotoka kwa maji ukitaka kurudia.

Rimu zilitupa somo dogo la vipimo. Za kwanza tulizonunua zilionekana sawa, ila tairi halikukaa. Gari halisi la 1957 lilikuwa na rimu za inchi 14, yaani milimita 14.2 kwa kipimo cha 1/25 pale tairi linapokaa. Zile zilikuwa karibu 14.8: zilitoka kwenye seti ya 1/24. Vipimo hivi viwili vinauzwa kwenye rafu moja na watu huvichanganya. Kile cha 1/24 ni nusu inchi kwa kila futi, kile cha 1/25 kimeshikana na Detroit, mji wa magari wa Marekani, na vigari vya plastiki ambavyo viwanda vya magari viliwapa mawakala wao kwa matangazo. Kwenye urefu wa Bel Air tofauti inafika milimita 8, jicho linaiona.

Matairi mapya ya nyuma ni ya resini, hayana kilainishi cha kusafiri. Ya mbele yenye upana sahihi tuliyapata ya PVC tu, kwa hiyo kila rimu nimeizungushia foili ya aluminiamu mahali tairi linapokaa kabla ya kulivisha. Chuma hakipitishi kilainishi. Foili haionekani, na ikiwa siku moja tairi litaanza kutoa jasho, litatoa juu ya chuma.

Imebaki kuhifadhi. Rafiki yangu alikuwa ameshanunua sanduku zuri la kuonyeshea, linalong'aa pande zote. Nililigonga kwa ukucha, nikamwonyesha maandishi madogo chini yake: PS, polistairini. Magari mengi yaliyotengenezwa vizuri yameacha pete nne kwenye sakafu ya sanduku la namna hiyo. Tulikata kipande cha mbao nyembamba kikawa sakafu, na gari limekaa juu ya kigingi chini ya fremu, magurudumu yakining'inia hewani. Matairi ya zamani mzee hakutaka yatupwe, hivyo yako kwenye kopo la kioo, mbali na gari, na si darini.

Limepita kiangazi chake cha kwanza sebuleni. Nilikwenda nikakagua kwa kijiti cha meno rimu za mbele na viraka vyote viwili, kikatoka kikavu. Kiraka cha kulia kinaonekana ukilishika gari pembeni ya taa, mstari mwembamba pale enameli mpya inapokutana na ya zamani. Mzee aliupitisha kidole, akauliza ni mimi au ni yeye. Ni mimi. Akasema wa kwake uko upande wa pili, akaligeuza gari kuutafuta.